Mgeni Aliyeomba Jembe Siku ya Kwanza

Ibada ya kuaga wageni wa safari fupi za utume katika usharika wa kijijini Tanzania, iwe Kilolo au Rungwe, haina haraka. Kwaya kuu huimba, ya vijana hujibu, ya akina mama hufunga kazi, kisha katibu husimama na karatasi yake na kusoma risala. Mpangilio wa risala unajulikana nchi nzima: shukrani kwanza, mafanikio yafuate, halafu changamoto, na mwishoni maombi. Bati za nyumba ya mchungaji. Kinanda. Pampu ya kisima iliyokufa. Mkalimani hutafsiri huku akiruka sentensi mbili tatu ambazo anaona zitaleta aibu, ya mgeni au ya mwenyeji. Baadaye nje ya kanisa huwa na mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka asubuhi: mayai, miwa, debe la mahindi, jogoo aliyefungwa miguu. Mgeni hununua jogoo kwa bei ambayo jogoo yeyote hajawahi kuifikia sokoni Ilula, halafu humrudishia bibi aliyemtoa, na watu wote hupiga vigelegele. Inapogonga saa nane mchana, wageni wanalia.

Wanalia kweli, na anayedhani ni maigizo hajawatazama kwa karibu. Wamekaa wiki mbili, pengine tatu. Wamelala ndani ya chandarua kwa mara ya kwanza maishani, wamekunywa chai ya maziwa kila saa nne asubuhi, wamejifunza kusema "kamwene" na kuitikiwa kwa shangwe kubwa kuliko juhudi yenyewe, wamepaka rangi madarasa mawili. Sasa wamevishwa mgolole mabegani kama wazee wa Kihehe, wamepewa vikapu vya milulu, na kesho gari litawashusha Kitonga kuelekea Dar es Salaam. Baadhi hupitia kwanza Hifadhi ya Ruaha, siku mbili za tembo na simba. Jana mtu alikuwa amekumbatiwa na mama aliyempa mayai yake yote; leo anapiga picha twiga. Moyo haujui ushike lipi.

Hisia zenyewe zina tabaka. Juu kabisa ni furaha ya kurudi: kitanda chake, maji ya moto, mtoto aliyeachwa kwa bibi yake. Chini yake kuna haya ya kuifurahia furaha hiyo, maana anajua kwamba wenyeji wake watabaki palepale alipowakuta. Chini zaidi lipo swali ambalo kelele za ibada hulifunika lakini humkuta usiku ndani ya ndege, kati ya Dar es Salaam na Amsterdam: nilifanya nini hasa kule? Na kwa wengine kuna ahadi waliyoitoa mbele ya madhabahu kwamba watarudi, huku wakijua kwamba likizo ya kazini haitoshi, na kwamba usharika uliowachangia nauli hautachanga tena kwa mtu yuleyule.

Watu wa namna hii ni wengi. Mwanasosholojia Robert Wuthnow wa Chuo Kikuu cha Princeton alikadiria, katika muongo wa kwanza wa karne hii, kwamba waumini watu wazima wapatao milioni 1.6 wa makanisa ya Marekani husafiri nje ya nchi kila mwaka kwa safari fupi za utume. Nyanda za Juu Kusini, zenye Kilolo na Rungwe, hupata fungu lake kwa sababu zinazoeleweka. Makanisa ni ya zamani na yana ndugu zao Ulaya na Marekani. Hali ya hewa ni ya baridi, haimchoshi mgeni. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita Iringa na kugusa Mbeya, na tangu mwishoni mwa mwaka 2012 uwanja wa ndege wa Songwe umefupisha safari iliyokuwa ya siku nzima. Halafu ipo sababu ya huzuni: kwa miaka mingi mikoa hii imekuwa juu katika takwimu za UKIMWI nchini. Hata katika utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017, wanaoishi na VVU Iringa na Njombe walizidi asilimia 11 ya watu wazima, na Mbeya walizidi 9. Yatima walikuwa wengi, na habari za yatima husafiri mbali kuliko habari za mahindi.

Kilio cha mgeni kimeandikwa sana, naye ana shajara, picha na usharika unaosubiri ushuhuda wake Jumapili ijayo. Mwenyeji hana mahali pa kuandika chake. Risala husomwa wageni wakiwa wamekaa mbele. Hakuna risala inayosomwa baada ya vumbi la gari kutua.

Waswahili walikwisha kuweka kanuni: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliikumbusha katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962, akieleza kwamba katika jamii ya zamani hakukuwa na mtu wa kula bila kufanya kazi. Kanuni hiyo ilimfikiria mgeni mvivu. Haikumfikiria mgeni anayeshuka kwenye gari siku ya kwanza, kabla hata hajanawa mikono, na kuomba jembe. Huyu ndiye mgeni wa safari fupi za utume. Amechangiwa fedha ili afanye kazi, na akirudi bila picha ya kazi atawaambia nini waliomchangia? Mwenyeji naye anajua kwamba mgeni huyu hajawahi kushika jembe. Akimpa, shamba litaharibika, akimnyima, atahuzunika. Kwa hiyo humtafutia kazi isiyoharibika kirahisi. Ndiyo maana kuna shule ambazo kuta zake zimepakwa rangi mara nyingi kuliko umri wa madarasa yenyewe.

Mwaka 2014 mwandishi wa Kimarekani Pippa Biddle alisimulia safari aliyokuja nayo Tanzania akiwa msichana wa sekondari. Kundi lake lilikuwa likijenga maktaba katika kituo cha watoto. Wasichana walijenga mchana, na usiku mafundi wa pale wakabomoa matofali yaliyopinda na kuyapanga upya, ili asubuhi wageni waamke na kuendelea bila kujua kitu. Kisa hicho kilisambaa duniani, wengi wakamcheka, wengi wakajicheka. Wasomaji wa huko walikiona kisa cha wasichana wasiojua kujenga. Msomaji wa Kitanzania ana haki ya kutazama upande wa mafundi. Watu wazima walirudia kazi usiku ili mgeni asiaibike, na asubuhi wakanyamaza. Huo ni ukarimu wa kiwango cha juu. Ni uongo pia. Vyote viwili vilikaa ukutani pamoja.

Hesabu nazo zipo. Baada ya Kimbunga Mitch kuipiga Honduras mwaka 1998, mtafiti Kurt Ver Beek alilinganisha nyumba zilizojengwa na makundi ya wageni kutoka Amerika Kaskazini na nyumba zilizojengwa na shirika la Wahondurasi wenyewe. Katika ripoti yake ya mwaka 2006 alionyesha kwamba kundi moja la wageni lilitumia wastani wa dola 30,000, nauli ikiwamo, ilhali nyumba moja iligharimu kama dola 2,000. Fedha za kundi moja zingetosha nyumba kumi na tano. Kwa familia zilizopata nyumba hakuona tofauti ya maana kati ya zilizojengewa na wageni na zilizojengewa na wenzao. Wageni walipoulizwa, wengi walisema safari imewabadilisha na sasa wanatoa zaidi kwa maskini. Alipofungua daftari la michango la taasisi iliyowapeleka, hakukuta ushahidi wa kutosha wa kauli hiyo.

Honduras siyo Iringa, lakini fundi mwashi wa Kilolo anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kijiti mchangani. Tiketi moja ya ndege kutoka Marekani huzidi dola elfu moja, na kundi lina watu kumi au kumi na wawili. Fundi huyo anaijua bei ya mfuko wa saruji, anaijua bei ya bati, na anawaona vijana wawili wa kijiji wanaotafuta kibarua wakiwa wamesimama kando kumtazama daktari wa meno wa Marekani akichanganya zege. Hasemi neno. Kusema ni kumfukuza mgeni.

Tukumbuke pia kwamba serikali yenyewe haimwoni mgeni huyu anayepaka rangi kuwa mtalii. Anayekuja kujitolea anatakiwa awe na kibali. Viza ya kutembea haitoshi. Daktari mgeni anatakiwa asajiliwe kwa muda na Baraza la Madaktari la Tanganyika kabla hajamgusa mgonjwa. Maji ya vijijini tangu mwaka 2019 yamekuwa chini ya wakala wa serikali uitwao RUWASA, na kila skimu inatakiwa iwe na chombo cha watumiaji chenye kamati na mfuko wa matengenezo. Sheria hizi huonekana usumbufu kwa mtu mwenye siku kumi na nne tu mkononi. Hata hivyo kisima kinachochimbwa nje ya utaratibu huo hukosa mwenyewe siku pampu inapokufa, na ndipo huingia kwenye risala ya mwaka unaofuata, mstari wa tatu, baada ya kinanda.

Vipi kuhusu hisia za wenyeji? Mama wa kamati ya chakula ameamka saa kumi alfajiri kwa wiki mbili kuchemsha maji ya kunywa na ya kuoga. Akisema wageni ni baraka, anamaanisha hivyo, na Jumatatu baada ya gari kuondoka atalala mpaka jua liwe juu bila kumwomba mtu msamaha. Mwalimu mkuu amefurahia rangi mpya, lakini mada mbili za darasa la saba zimeachwa njiani kwa sababu watoto walikuwa uwanjani wakicheza na wageni. Mchungaji amepata bahasha ya ukarabati, na tangu jana wazee wawili wa kanisa hawasemeshani kwa sababu ya bahasha hiyohiyo. Viatu na fulana ambazo wageni huziacha siku ya mwisho, kwa nia njema kabisa, huacha ugomvi kwa sababu waligawa bila kumwuliza mtu anayezijua nyumba.

Mkalimani ndiye anayebaki na mzigo mzito zaidi. Mara nyingi ni kijana aliyemaliza kidato cha sita, mwenye Kiingereza cha kutosha na ndoto isiyo na ada. Kwa wiki mbili amekuwa mtu muhimu: kila utani umepita mdomoni mwake, kila machozi pia. Wageni wameweka namba yake, wamemwita kaka. Mwezi wa kwanza meseji huja kila siku. Mwezi wa tatu huja Jumapili. Kufikia Krismasi inakuja kadi moja ya kundi zima, na yeye bado hajui kama lile neno alilosema mgeni mmoja pale chini ya mwarobaini, kuhusu chuo, lilikuwa ahadi au mazungumzo tu. Hawezi kuuliza. Akiuliza atakuwa omba-omba, na yeye alikuwa kaka.

Watoto wa vituo vya yatima wana habari yao wenyewe, na hapa mzaha unakoma. Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi anapewa mtu wa kumbeba kwa siku kumi, kisha mtu huyo anaondoka, kisha anakuja mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe na vikaguliwe, nayo familia inawekwa mbele kama mahali pa kwanza pa mtoto. Shangazi wa Mufindi au Makete anayelea watoto watatu wa marehemu dada yake hapati mgeni wa kumpiga picha, ingawa yeye ndiye mwenye kazi yenyewe.

Basi wasije? Swali hili lilikwisha kuulizwa kwa sauti kubwa na Mwafrika. Mwaka 1971, katika jiji la Milwaukee nchini Marekani, Mchungaji John Gatu, Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki nchini Kenya, aliwaambia wenyeji wake kwamba wakati umefika wa kuwarudisha nyumbani wamisionari na kusimamisha fedha zao kwa kipindi, ili kanisa la Afrika lijifunze kusimama. Mwaka 1974 Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilikutana Lusaka na kuunga mkono wazo hilo. Liliwatikisa wengi, halikutekelezwa kama lilivyotamkwa. Lakini Nyanda za Juu Kusini hazikuhitaji kungoja hotuba ya Milwaukee, kwani zilikuwa zimekwisha kulijaribu jambo hilo, mara mbili, bila kuulizwa.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, wanaume wanne wakiongozwa na Theodor Meyer. Mmoja wao, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka huohuo. Wenzao wa Misioni ya Berlin chini ya Alexander Merensky waliingia Unyakyusa wakati uleule. Wote hawa hawakuwa na tiketi ya kurudi wala tarehe. Traugott Bachmann, aliyekuja 1892 na kuanzisha kituo cha Mbozi kwa Wanyiha mwaka 1899, alihitaji miaka mingi kugundua kwamba mila kadhaa alizozipiga marufuku hazikuwa dhambi, na akakubali hadharani kwamba Wanyiha walikuwa wamemfundisha. Somo hilo halipatikani kwa wiki mbili. Pengine hata kwa kumi.

Kisha Mei 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza yaliingia Tukuyu kutoka Nyasaland, na Wajerumani wote, wamisionari wakiwamo, wakakamatwa na kuhamishwa. Hakukuwa na risala wala mnada. Wainjilisti, walimu na wazee wa kanisa, Wanyakyusa na Wanyiha waliobatizwa kwa miaka isiyozidi ishirini na mitano, ndio waliobaki na funguo. Waskoti kutoka Livingstonia walikuja kusaidia baadaye, na Wajerumani waliporudi katikati ya miaka ya 1920 walikuta kanisa likiwa hai. Mwaka 1940, kwa sababu ya Vita ya Pili ya Dunia, waliondolewa tena. Kanisa likaendelea tena. Mtu anayetaka kujua kwa nini leo Mbeya ina makanisa mengi kiasi kile asiwatafute wageni peke yao. Awatafute pia waliobaki walipoondoka.

Mwaka 2020 ulileta kuondoka kwa tatu. Korona ilifunga mipaka, na safari zote za utume zikakatika kwa ghafla. Makanisa ya Minnesota, kule Marekani, yalifungwa, waumini wakawa wanatazama ibada kwenye kompyuta jikoni. Tanzania haikufunga makanisa, na kuna mengi ya kubishania katika uamuzi ule, lakini matokeo yake yalikuwa kwamba Iringa ilikuwa ikikusanyika na kuwaombea Wamarekani. Mwelekeo wa sala ukageuka. Hakuna safari ya wiki mbili iliyowahi kufundisha jambo hilo.

Minnesota imetajwa kwa makusudi. Tangu mwaka 1987 Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania imekuwa na uhusiano na Sinodi ya Saint Paul, huko Minnesota, ya Kanisa la Kilutheri la Marekani, na Wamarekani wenyewe wanauita kwa Kiswahili: Bega kwa Bega. Usharika wa huko umeunganishwa na usharika wa huku, kwa jina. Wageni huja na kuondoka kama wageni wengine wowote, wiki mbili, chai ya saa nne, machozi na jogoo. Tofauti iko nyuma ya wageni. Kuna ada za sekondari zinazolipwa miaka nenda miaka rudi. Hospitali ya Ilula, iliyoanza kama kituo kidogo, ilikua kwa msaada wa uhusiano huo. Kuna Saint Paul Partners wanaoshughulika na maji ya vijijini. Kuna Iringa Hope, iliyoamua kwamba mkulima anahitaji SACCOS yake na mkopo wa mbolea kuliko kuta zenye rangi. Mgeni wa mwaka huu anapofika hukuta kijiji kinamkumbuka aliyekuja mwaka juzi, na akiondoka anajua atakayefuata ni nani. Machozi yake ni yaleyale, ila nyuma yake kuna mtu wa kuendeleza alichoahidi.

Na Wairinga nao huenda. Wachungaji, wanakwaya na wazee wa kanisa wamefikishwa Minnesota, wakalala katika nyumba za waumini wa kule na kuona kwa macho yao makanisa makubwa yenye wazee wachache, na bibi wa miaka themanini anayeishi peke yake na paka. Watu hao nao huagana kwa machozi. Wakirudi, uwanja wa ndege umejaa ndugu, na swali la kwanza ni moja: umetuletea nini? Mtu aliyetoka kumhurumia bibi wa Kimarekani kwa upweke wake anashindwa kueleza, maana nani ataamini kwamba mtu mwenye gari mbili anahurumiwa? Hisia mseto za mwisho wa safari zina njia mbili, ingawa magazeti ya Ulaya huandika moja tu.

Mjini Iringa kuna mfano mwingine. Neema Crafts ilianzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa la Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, na Mwingereza Susie Hart akiwa na vijana watatu viziwi, wakitengeneza karatasi. Leo kuna karakana, ushonaji, nyumba ya wageni na mkahawa ambamo wahudumu viziwi hupokea oda iliyoandikwa. Mwanzilishi aliondoka, karakana ikabaki. Mgeni anayepita pale kwa saa mbili hapewi jembe wala brashi. Anapewa menyu na bili, na mwisho wa siku anajikuta amefanya jambo la maana kuliko alilolifanya juma zima: amelipa bei ya kazi ya mtu.

Italia nayo ina lake. Katika Hospitali ya Tosamaganga, kilomita chache nje ya mji, shirika la madaktari la CUAMM kutoka Padova limekuwa likileta madaktari ambao hukaa muda wa kutosha kujua muuguzi gani wa zamu ya usiku anaijua wodi ya wazazi kuliko daktari. Hao wakiondoka huagwa kwa soda na keki ofisini, risala fupi, bila kuchinjiwa mbuzi. Inaelekea urefu wa sherehe ya kuaga hupungua kadiri muda wa kukaa unavyoongezeka, na wenyeji wana sababu zao.

Kwa hiyo machozi ya saa nane mchana yasidharauliwe, wala yasichukuliwe kuwa ripoti ya kazi. Mgeni anayelia amependwa kwa wiki mbili na watu ambao hakuwafanyia kitu, na hilo pekee ni jambo kubwa kumpata mtu mzima wa nchi tajiri. Kosa huanza anapodhani kwamba kwa sababu yeye amebadilika, kijiji nacho kimebadilika. Wenyeji nao wana kosa lao: kuficha matofali yaliyopinda, kutabasamu, kisha kuandika maombi yaleyale mwaka unaofuata. Ukarimu unaomnyima mgeni ukweli unamfanya mtoto, na mtoto haulizwi bajeti.

Kamati za mapokezi zinazokutana kupanga ratiba za wageni wa Juni na Julai, kipindi cha baridi wanachokipenda, zina nafasi ya kufanya tofauti. Kabla ya kujadili mbuzi, ziandike barua. Ziulize kundi lina fedha kiasi gani kwa jumla, nauli ikiwamo, na mwenyeji aone hesabu hiyo kama mgeni anavyoona hesabu ya saruji. Zieleze fundi gani wa kijiji ataongoza kazi na atalipwa nini, na wageni watakuwa wasaidizi wake, wakibeba maji na mchanga. Shule isifungwe kwa ajili ya mpira wa wageni. Nguo na viatu vipitie kwa mtu mmoja anayezijua nyumba. Mkalimani alipwe kwa siku, kwa fedha inayotajwa mapema, na mgeni anayetaka kumsaidia kijana kusoma aandike jina lake na kiasi mbele ya mchungaji au anyamaze. Risala isomwe siku ya pili, wakati bado kuna muda wa kujibizana, na siku ya mwisho iachiwe nyimbo. Na kama mwaka huu hakuna kazi inayomfaa mgeni, aambiwe hivyo waziwazi, kwa heshima, kabla hajanunua tiketi; akitaka kuja kunywa chai na kusali tu, aje, na asipewe brashi.